Mzigo wa Kueleweka: Tamaduni na Madaraka katika Biashara ya Kimataifa

Kampuni mbili za nchi tofauti zinapoungana, au kampuni moja inapovuka mpaka kwenda kutafuta soko ugenini, jambo la kwanza kuchunguzwa huwa ni hesabu: thamani ya hisa, madeni, kodi, gharama za usafirishaji na uwezo wa wateja kununua. Lugha itakayotumika katika vikao, namna ya kumpinga mkubwa bila kumvunjia heshima, maana ya ukimya wa mtu aliyeulizwa swali, na watu wanaopaswa kushauriwa kabla uamuzi haujatangazwa, huachwa vijipange vyenyewe, na aghalabu hujipanga vibaya. Mambo yakishaharibika, hutafutwa maelezo, na maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba pande mbili zilishindwa kuelewana kwa sababu ya tofauti za utamaduni.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini yana hatari pia, kwa kuwa yanawafanya wote waonekane wamekosea sawasawa, au hakuna aliyekosea kabisa. Ukweli unaojitokeza katika mifano mikubwa ya miongo ya karibuni ni kwamba kutoelewana hakuwaelemei wote kwa kiasi kimoja. Katika kila kampuni yenye watu wa mataifa mbalimbali yuko anayetakiwa kujifunza lugha ya mwenzake, kubashiri mawazo ya mwenzake na kumeza hoja yake anapokosa maneno ya kuieleza, na yuko asiyetakiwa kufanya lolote kati ya hayo. Kwa hiyo anayetaka kuyafahamu mawasiliano ya kibiashara kati ya mataifa hana budi kutazama mila za pande zote mbili na, pamoja na mila hizo, kuuliza ni nani aliyetwishwa mzigo wa kueleweka.

Wataalamu na vipimo vyao

Taaluma inayoshughulikia suala hili huitwa mawasiliano baina ya tamaduni, yaani uchunguzi wa namna watu waliolelewa katika desturi tofauti wanavyopeana ujumbe, kwa maneno na bila maneno. Miongoni mwa waasisi wake ni Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye katika miaka ya 1950 alifundisha katika taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake, akiwaandaa wanadiplomasia na wataalamu waliokuwa wakipelekwa ng'ambo. Katika kitabu chake The Silent Language cha mwaka 1959 alieleza kwamba matumizi ya muda na nafasi hubeba ujumbe kama maneno yanavyoubeba, na katika Beyond Culture cha mwaka 1976 akatofautisha aina mbili za mawasiliano. Aina ya kwanza ni ile ya muktadha mwepesi, ambamo karibu kila kitu hutamkwa au huandikwa waziwazi, na Wajerumani walikuwa mfano wake mmojawapo. Ya pili ni ya muktadha mzito, ambamo sehemu kubwa ya ujumbe imo katika uhusiano wa wazungumzaji, vyeo vyao na mazingira ya mazungumzo, kama alivyoona kwa Wajapani na Waarabu. Kwa kipimo hicho, mfanyabiashara wa Muscat au Unguja anayetanguliza habari za nyumbani na za safari kabla ya kutaja bei hapotezi muda, kwani katika mazungumzo hayo ndimo anamompima mtu atakayemwamini kwa mali yake.

Mtaalamu wa pili ni Mholanzi Geert Hofstede, aliyeyachambua madodoso zaidi ya 116,000 yaliyojazwa na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1980. Hofstede alizipa nchi alama katika vigezo kadhaa. Kimojawapo ni umbali wa madaraka, yaani kiasi ambacho watu wa ngazi ya chini wanaukubali mgawanyo wa madaraka usio sawa na kuuona ni jambo la kawaida. Kingine kinapima iwapo mtu hujihesabu kwanza kama nafsi inayojitegemea au kama sehemu ya jamaa na kundi lake. Vigezo hivyo vimeingia katika vitabu vya uongozi, mafunzo ya mameneja na ripoti za washauri wa biashara kiasi kwamba wengi huvitumia bila kujua vilipatikanaje.

Upande wa Afrika Mashariki una sababu ya pekee ya kuvitazama kwa makini. Waliojibu dodoso katika Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia walikuwa wachache mno, hivyo nchi hizo nne ziliunganishwa zikawa fungu moja lililoitwa Afrika Mashariki na kupewa alama 64 katika umbali wa madaraka na 27 katika kujitegemea kwa mtu binafsi. Kwa upande mwingine, Ujerumani na Austria, zinazopakana na kuzungumza Kijerumani, zilipimwa kila moja peke yake, na alama zao za umbali wa madaraka zikatofautiana sana: Ujerumani 35, Austria 11. Ikiwa majirani wawili wa lugha moja wanaweza kuachana kiasi hicho, basi meneja anayezisoma alama za fungu la Afrika Mashariki na kuamini kwamba amekwisha kumjua karani wa Addis Ababa, fundi wa Lusaka na mhasibu wa Dar es Salaam amejidanganya. Zaidi ya hayo, waliojibu walikuwa waajiriwa wa kampuni moja ya Kimarekani, kundi dogo lenye elimu na ajira ambazo watu wengi wa nchi zao hawakuwa nazo. Mtafiti Brendan McSweeney, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 2002, alihoji hasa uhalali wa kuchukua majibu ya watu kama hao na kuyafanya tabia ya taifa zima.

Wal-Mart nchini Ujerumani

Mfano unaofundishwa mara nyingi katika vyuo vya biashara ni wa Wal-Mart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliyoingia Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1997 kwa kununua maduka 21 ya Wertkauf na kuongeza maduka 74 ya Interspar mwaka uliofuata. Mkuu wake wa kwanza huko alikuwa Mmarekani aliyetoka kusimamia maduka ya nchini kwake. Hakujua Kijerumani, na Kiingereza kikafanywa lugha ya kazi katika ngazi ya uongozi. Athari ya uamuzi wa namna hiyo haihitaji utafiti mrefu ili ionekane, kwa sababu mtu aliyeendesha maduka kwa miaka 20 na kumjua kila mgavi wa mkoa wake hugeuka mwanafunzi mara anapotakiwa kulitetea jambo lile lile kwa lugha asiyoimudu, na kijana anayejua Kiingereza vizuri, hata kama biashara haijui, ndiye anayesikilizwa.

Masimulizi yanayopendwa zaidi kuhusu mkasa huo ni ya mila. Kampuni ilikuja na desturi ya kuweka mtu mlangoni wa kuwasalimu wateja, kanuni ya kumchangamkia mteja yeyote aliyefika umbali wa futi 10, yaani kama mita 3, na watumishi wa kuwapakia wateja bidhaa zao kwenye mifuko. Wateja wengi wa Kijerumani, waliozoea kupakia vitu vyao wenyewe haraka mbele ya keshia, waliona huduma hiyo ni usumbufu, na tabasamu la mtu wasiyemjua likawatia shaka. Hayo yote yalitokea, lakini hayatoshi kueleza kwa nini kampuni tajiri kiasi hicho ilishindwa, kwani desturi ya kusalimu mlangoni ingeweza kufutwa kwa waraka mmoja.

Mambo yaliyokuwa magumu zaidi yalihusu sheria na mamlaka. Kampuni za maduka za Aldi na Lidl zilikwisha kulishika soko la bei nafuu, na mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliiamuru Wal-Mart, pamoja na baadhi ya washindani wake, kuacha kuuza vyakula vya msingi kama maziwa na sukari kwa bei iliyo chini ya gharama. Sheria ilifunga maduka siku ya Jumapili na kuweka kikomo cha saa za jioni. Kampuni ilikataa kujiunga na chama cha waajiri na kuukubali mkataba wa hali bora za kazi, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi, na matokeo yake yakawa migomo. Kwa Wajerumani, kukaa mezani na chama cha wafanyakazi ni sehemu ya kawaida ya kuendesha kampuni, wala haihesabiwi kuwa fadhila ya mwajiri.

Kilele cha mvutano huo kilionekana mwaka 2005, pale kampuni ilipotoa kwa wafanyakazi wake wa Ujerumani kanuni za maadili zilizoandikwa Marekani. Kanuni hizo zilizuia aina fulani za mahusiano ya kimapenzi kazini na kuwataka wafanyakazi kutoa taarifa za ukiukaji kupitia simu maalumu. Chini ya sheria ya Ujerumani, kila mahali pa kazi penye watumishi kuanzia idadi fulani panaweza kuwa na baraza la wafanyakazi, chombo cha kuchaguliwa ambacho mwajiri analazimika kupata ridhaa yake kabla ya kuweka kanuni za mwenendo. Baraza lilikwenda mahakamani Wuppertal, yalipokuwa makao makuu ya kampuni nchini humo, na mahakama ikaamua kwamba sehemu za kanuni hizo haziwezi kutumika bila ridhaa yake. Rufaa iliposikilizwa Düsseldorf, katazo la mapenzi lenyewe lilionekana kukiuka utu na uhuru wa mtu unaolindwa na katiba. Julai 2006 kampuni ilitangaza kuyauza maduka yake 85 kwa kampuni ya Metro na kuondoka, ikiwa na hasara ya takriban dola bilioni 1.

Linaloshangaza ni kwamba, kwa alama za Hofstede, Marekani na Ujerumani zinakaribiana katika umbali wa madaraka: 40 kwa 35. Meneja aliyetegemea jedwali hilo angekwenda Wuppertal bila wasiwasi. Jedwali lisingemwambia kwamba huko kuna watu wenye haki ya kisheria ya kuulizwa kabla yeye hajaamua, na kwamba ujumbe uliofasiriwa vizuri kabisa kwa Kijerumani bado ni ujumbe mbovu ikiwa umetumwa na asiyekuwa na haki ya kuutuma peke yake.

Walio sawa na wasio sawa

Mwaka 1998, kampuni za magari za Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani zilitangaza muungano wa takriban dola bilioni 36, ukaelezwa kuwa ni muungano wa walio sawa. Vitabu vimeandika mengi kuhusu Wajerumani waliopenda taarifa ndefu na maandalizi marefu, na Wamarekani waliopenda kuamua haraka na kusahihisha baadaye. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2000 mwenyekiti wa kampuni, Jürgen Schrempp, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba tangu mwanzo nia ilikuwa kuifanya Chrysler kitengo tu, ila isingewezekana kulisema hilo wakati ule. Mwekezaji mkubwa wa Chrysler, Kirk Kerkorian, alifungua kesi akidai wanahisa walidanganywa, ingawa hakushinda, na mwaka 2007 asilimia 80.1 ya Chrysler ikapelekwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus. Katika mazingira hayo, wakuu wa Chrysler walioondoka au kunyamaza vikaoni hawakuwa wamekosa ufundi wa kuzungumza na Wajerumani. Walikuwa wameisoma hali vizuri kuliko tangazo lenyewe, na hakuna semina ya utamaduni ambayo ingewafanya waamini usawa usiokuwepo.

Mfano ulio kinyume ni wa kampuni nyingine mbili za magari, Renault ya Ufaransa na Nissan ya Japani. Renault iliponunua asilimia 36.8 ya Nissan mwaka 1999 kwa dola bilioni 5.4, Nissan ilikuwa imeelemewa na madeni, na Carlos Ghosn, mzaliwa wa Brazili mwenye asili ya Lebanoni, akatumwa Tokyo kuiokoa. Badala ya kuleta mpango uliokwisha kuandikwa Paris, Ghosn aliunda timu tisa za watumishi wa idara mbalimbali wa Nissan, kila moja ikiwa na watu wapatao 10, na kuzipa kazi ya kupendekeza hatua ngumu, zikiwemo za kufunga viwanda. Lugha ya pamoja ilikuwa Kiingereza, ambacho kwa Wafaransa na Wajapani wote kilikuwa lugha ya kujifunza, na ili kuepusha utata ikatayarishwa orodha ya istilahi muhimu, ambamo maneno kama mamlaka, lengo, ahadi na uwazi yalipewa maana moja ya kukubaliana. Ufanisi wa mpango huo ulitokana kwa sehemu kubwa na ukweli kwamba kila upande ulipungukiwa kidogo na kila upande ulilazimika kujieleza.

Hata hapo madaraka hayakutoweka. Renault ilifikisha asilimia 43.4 ya hisa za Nissan zikiwa na haki ya kura, ilhali Nissan ilikuwa na asilimia 15 za Renault zisizokuwa na kura, na manung'uniko juu ya tofauti hiyo yaliendelea hata baada ya Nissan kuwa kubwa kuliko mkombozi wake. Novemba 2018 Ghosn alikamatwa Tokyo kwa tuhuma za kifedha alizozikana, na mwishoni mwa mwaka 2019 akatorokea Lebanoni. Usawa wa kura, asilimia 15 kwa 15, ulipatikana mwaka 2023 tu. Orodha ya istilahi ilikuwa imewasaidia watu kufanya kazi pamoja kila siku, lakini swali la nani mwenye kauli ya mwisho halikuweza kujibiwa kwa istilahi.

Somo kwa maofisi ya Afrika Mashariki

Katika maofisi ya kampuni za kigeni huko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, lalamiko la wakuu wanaotoka nje ni kwamba watumishi hukubali kila kitu kikaoni na kisha kazi haiendi. Meneja anauliza kama makontena yatatoka bandarini Ijumaa. Ofisa wa forodha wa kampuni, ambaye anajua kwamba nyaraka zina kasoro, anajibu kwamba suala linashughulikiwa, na baada ya kikao anamfuata mhasibu wa siku nyingi ili yeye ndiye amfikishie mkubwa habari mbaya faraghani. Anayetumia vipimo vya Hall ataona hapo muktadha mzito, na anayetumia vya Hofstede ataona umbali wa madaraka. Wote wawili watakuwa wameona kweli, kwa kuwa kumsahihisha mkubwa mbele ya watu ni jambo ambalo malezi ya wengi hayaliruhusu, na kumtuma mtu wa kati ni njia ya heshima na ya zamani ya kufikisha jambo zito.

Lakini ofisa huyo huenda ana mkataba wa mwaka mmoja, anazungumza kwa lugha yake ya tatu, na anayemuuliza ndiye atakayeamua kama mkataba utaongezwa. Mtu wa taifa lolote akiwekwa katika nafasi hiyo atapima maneno yake. Kumpeleka kwenye mafunzo ya kujiamini na kusema waziwazi, bila kugusa mkataba wala lugha ya kikao, ni kumtaka abebe peke yake hatari ambayo mwajiri angeweza kuipunguza kwa gharama ndogo: kuruhusu Kiswahili kikaoni, kukutana na wahusika mmoja mmoja kabla ya kikao, na kumlinda anayeleta habari mbaya mapema.

Sheria ya Tanzania imeligusa jambo hili kwa njia isiyotajwa sana. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi ya ajira yake, na endapo mwajiriwa hayaelewi, mwajiri ndiye anayepaswa kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Kwa maneno mengine, hapo mzigo wa kueleweka umewekwa juu ya mwenye nguvu zaidi. Mwajiri anayetoa mkataba wa Kiingereza au Kichina kwa fundi asiyezijua lugha hizo, kisha akadai baadaye kwamba fundi alitia saini kwa hiari yake, anakwepa wajibu huo.

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ni kielelezo kingine. Maelfu ya Wachina na Waafrika walifanya kazi pamoja wakiwa na wakalimani wachache, na mafunzo mengi yalitolewa kwa vitendo, fundi akionyesha na mwanafunzi akirudia mpaka apatie. Misingi minane ya misaada iliyotangazwa na Waziri Mkuu wa China Zhou Enlai mwaka 1964 ilikuwa imeahidi kwamba wataalamu wa Kichina wataishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi wanayoisaidia, na kwamba wenyeji watafundishwa hadi waimudu teknolojia kikamilifu. Vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli. Mpango huo nao ulikuwa na upungufu, kwani ufundi wa kutandika reli hufundishika kwa kuonyesha, lakini uendeshaji wa shirika la nchi mbili, wenye bajeti, vipuri na ratiba, haufundishiki kwa ishara, na baada ya makabidhiano ya mwaka 1976 matatizo ya uendeshaji yalijitokeza mapema. Pamoja na hayo, wajibu wa anayefundisha ulikuwa umeandikwa kabla kazi haijaanza, na hivyo kila upande ulikuwa na kipimo cha kuulaumu mwingine kwa haki.

Semina za utamaduni, vitabu vya adabu za kibiashara na majedwali ya mataifa vina manufaa yake, hasa kwa mgeni anayetaka kuepuka fedheha ndogondogo za siku za mwanzo. Kinachoamua mwendo wa biashara yenyewe ni masharti yanayokubaliwa kabla ya saini: mkataba utatafsiriwa kwa lugha ipi panapotokea mgogoro, mkalimani atalipwa na nani na atawajibika kwa nani, vikao vitaendeshwa kwa lugha gani, na nani katika eneo la kazi ana uwezo wa kusimamisha shughuli anapoona hatari bila kupoteza ajira yake. Serikali, vyama vya wafanyakazi na wabia wa Afrika Mashariki wanaojadiliana na wawekezaji kuhusu bandari, migodi, reli na mabomba ya mafuta wana nafasi ya kuyadai majibu hayo yaandikwe mapema, kwa sababu mradi ukishaanza, aliyeachiwa mzigo ataubeba mpaka mwisho, na ukimwangukia ataambiwa kwamba ni utamaduni wake.